Mnyama kama Raia: Hukumu ya Ughaibu katika Adili na Nduguze

Wasomaji wengi wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kuuliza swali moja kila wakutanapo na mnyama katika hadithi: huyu ni mfano wa nani? Sungura huwa mnyonge mwerevu, fisi huwa mlafi, na simba huwa mtawala. Swali hilo halina kosa. Hata hivyo, likiulizwa peke yake, humfanya mnyama awe vazi tu ambalo binadamu hulivaa na kulivua. Katika makala haya tunakusudia kuuliza swali jingine: je, fasihi yetu imewahi kumpa mnyama nafasi katika jamii ya kisiasa akiwa mnyama?

Yafaa tuanze na maneno yenyewe. Neno raia lilitujia kutoka Kiarabu, na katika lugha hiyo maana yake ya asili ni kundi lichungwalo. Neno siasa nalo lina nasaba moja na saisi, yaani mtunza farasi. Basi lugha ya utawala ilichotwa malishoni na zizini kabla haijaingia barazani. Binadamu aliuchukua mfano, mnyama mwenyewe akamwacha nje ya mlango.

Kazi inayotajwa kwanza katika mjadala huu ni Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere iliyochapishwa Nairobi mwaka 1967 kutokana na riwaya ya George Orwell ya mwaka 1945. Humo wanyama wanamfukuza mwenye shamba na kujitungia amri saba, kisha nguruwe wanazipotosha moja baada ya nyingine. Ni kazi kali juu ya mapinduzi yaliyosalitiwa. Lakini mnyama ameingia katika siasa kwa kupewa ulimi wa mtu, na msomaji akikifunga kitabu huwaza juu ya viongozi wake, si juu ya punda wake.

Shaaban Robert alipita njia nyingine katika Adili na Nduguze, kitabu kilichotoka mwaka 1952. Rai, Mfalme wa Ughaibu, ni mpenda wanyama, na katika nchi yake kuwatesa ni kosa. Mjumbe wake, Ikibali, anatumwa kwa Adili, liwali wa Janibu, kwa ajili ya kodi. Huko anagundua kwamba liwali huyo mwema ana manyani wawili ambao huwalisha vizuri, na usiku huwachapa mijeledi. Habari inafika kwa Mfalme, na Adili anaitwa kujieleza. Kilio cha manyani kimefika barazani kwa ulimi wa Ikibali, na mtu mkubwa amesimamishwa mbele ya sheria kwa ajili ya viumbe wasioweza kushtaki.

Hapana shaka kuna atakayetupinga. Atasema manyani hao si manyani, bali ni Hasidi na Mwivu, ndugu wa Adili waliomtupa baharini kwa wivu. Kwamba ni jini Huria aliyewageuza, akamwamuru Adili awachape kila usiku. Na kwamba mwishoni wanarudishiwa umbo la kibinadamu. Kwa hiyo, atahitimisha, huruma yote hii ni ya watu kwa watu.

Pingamizi hilo lina uzito, lakini linasahau mpangilio wa matukio. Ikibali alipohuzunika hakujua siri ya manyani. Rai alipomwita Adili hakuijua pia. Sheria ya Ughaibu iliamka kwa sababu mnyama ameumizwa, na siri ya ndugu wawili ilitokea baadaye, katika utetezi wa mshtakiwa. Mwandishi angeweza kuanza na siri hiyo. Kwa kuiweka nyuma, ametufanya tuwahurumie manyani kwanza, bila kudai wawe watu ndipo wastahili haki.

Hata hivyo, tusimsifu kupita kiasi. Uraia wa mnyama katika Ughaibu ni wa kutunzwa tu, nao unategemea moyo wa mfalme mmoja. Tena Ikibali alikwenda Janibu kutafuta kodi. Safari ile ile iliyowapatia manyani mtetezi ililenga mfuko wa wananchi. Mwandishi haulizi ni nani agharimiaye huruma ya Rai, na hapo ndipo hadithi inapotuacha na deni.

Deni hilo si la vitabuni tu. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa mtu aliyeuawa na mnyama wa porini. Ndovu, basi, ana ulinzi wa dola, na mkulima wa Taita-Taveta ambaye mahindi yake yameliwa usiku anadai ulinzi huo huo. Wote wawili wamo katika jamii moja, lakini mmoja tu ndiye awezaye kwenda barazani kusema.

Mwalimu anayesomesha Adili na Nduguze asiishie kuuliza manyani ni mfano wa nani. Awaulize wanafunzi wake pia: kama ndugu wale wasingegeuka kuwa watu tena, hukumu ya Rai ingepungukiwa na nini?