Jiwe Lisilokubali Nyundo

Pounamu haichongwi kwa nyundo. Jedi hii ya Kisiwa cha Kusini cha Nyuzilandi, hasa ile ya kijani kilichokolea, iitwayo kawakawa, iliwafunza Wamaori njia nyingine ya kulikabili jiwe, na kwangu mimi hakuna kazi ya mikono inayostahili heshima kuliko hiyo.

Ukaidi wa jiwe hili unatokana na umbo lake la ndani. Pounamu iliyo nyingi ni nefraiti, mwamba wa madini ya jamii ya tremolaiti na aktinolaiti: kalsiamu, magnesiamu, chuma na silika, pamoja na maji kidogo yaliyofungiwa humo. Chuma ndicho kinachotia rangi. Kikiwa haba, jiwe huwa na weupe. Kikizidi, kijani hukolea, na chembe za kromaiti huongeza madoa meusi. Madini hayo hukua kwa nyuzi nyembamba mno, zilizopitana na kusokotana kila upande kama makumbi ndani ya kamba. Ufa ukianza haupati njia ya kusonga mbele. Kuna mawe magumu kuliko nefraiti, almasi ikiwemo, lakini almasi hupasuka kwa pigo ambalo nefraiti hulistahimili.

Asili yake iko chini sana ardhini. Miamba yenye magnesiamu nyingi, iliyotoka katika tabaka lililo chini ya gamba la dunia, ilibadilika kuwa serpentinaiti na kubanwa kando ya miamba yenye silika nyingi. Katika mpaka wa miamba hiyo miwili, chini ya joto na shinikizo, vimiminika vya moto vilihamisha elementi kutoka upande mmoja hadi mwingine, na hapo nefraiti ikazaliwa katika mikanda myembamba. Kisha Ufa Mkuu wa Alpine, ambako bamba la Pasifiki husukumana na la Australia, ukaipandisha milimani. Barafu na mvua vikaimega, na mito kama Arahura na Taramakau ikaibingirisha kuelekea baharini. Safari hiyo ilikuwa mtihani: palipokuwa na udhaifu palivunjika njiani, na mafundi wakaokota kilichobaki.

Walikiokota bila kuwa na chuma hata kipande. Walichokuwa nacho ni mawe ya mchanga, na humo mna kwatzi, ambayo ni ngumu kidogo kuliko nefraiti. Tofauti hiyo ndogo ndiyo iliyobeba kazi yote. Fundi alivuta bamba la jiwe la mchanga mbele na nyuma, akimwagia maji, mpaka mfereji ukaingia. Akageuza, akachimba mfereji wa pili upande wa pili, na ubavu uliobaki katikati ulipokuwa mwembamba ndipo alipouvunja. Tundu la kupitishia uzi alilitoboa kwa keekee yenye ncha ya jiwe, kutoka pande zote mbili, na ndiyo maana matundu ya zamani ni mapana mdomoni na membamba katikati. Kisha kinoo, tena na tena, hadi ukingo wa mere, rungu fupi bapa la vita, ukawa mwembamba bila kupoteza nguvu zake. Mere moja iliweza kuchukua miezi mingi. Zilizo bora zilipewa majina na kurithishwa kizazi hadi kizazi.

Mwaka 1997 sheria ilirudisha umiliki wa pounamu mikononi mwa watu wa kabila la Kimaori la Ngāi Tahu, ambao mito hiyo ni yao tangu enzi za mababu. Siku hizi mafundi wa mji wa Hokitika hutumia misumeno yenye chembe za almasi, na kazi ya wiki humalizika kwa dakika. Sioni kwamba ufundi umepungua. Maji bado hutiririka juu ya jiwe, kulipoza na kuzuia vumbi lisiingie mapafuni, na kabla ya msumeno kuwashwa fundi hulilowesha jiwe, akaliinua kwenye mwanga, akatafuta nyufa zilizojificha chini ya ganda la kahawia ili ajue akate wapi.