Shati la Yusuf, Barazani Kilindoni

Bibi jirani yetu hapa Kilindoni, Mafia, husuka ukili kuanzia alasiri hadi adhana ya magharibi. Ukindu keshauchemsha na rangi, kauanika, kauchana chane nyembamba za upana mmoja. Yeye husuka, mimi humsomea. Safari hii kitabu kilikuja na boti ya Nyamisati: *Peponi*, riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 1994, iliyotiwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis na kutolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022.

Ndani yake mna kisa ambacho Bibi alikijua kabla hajajua kusuka: Yusuf na Zulekha. Sura ya Yusuf katika Kurani haimtaji mwanamke yule kwa jina, ni mke wa Aziz tu. Jina wamempa wasimulizi, na katika karne ya 15 Jami wa Herat akayatungia mapenzi yao utenzi mrefu wa Kiajemi.

Gurnah haanzi na mapenzi, anaanza na deni. Yusuf wake, kijana wa miaka kumi na miwili, hauzwi na nduguze. Babake ndiye anayemtoa kwa tajiri anayemdai. Tajiri anaitwa Aziz. Bibi aliposikia jina hilo alitabasamu bila kuinua macho.

Kisha fundi anauacha uzi huo ulale. Linakuja duka, anakuja Khalil wa dukani, inakuja bustani yenye vioo mitini, halafu msafara mrefu wa bara mpaka kwa sultani Chatu. Kurasa kwa kurasa, na mke wa Aziz bado yumo ndani, nyuma ya ukuta. Ndoto nazo zimegeuzwa: Yusuf wa sura alifasiri ndoto ya mfalme, huyu ndoto zake humtisha.

“Huyu ana subira,” alisema Bibi, akiichomeka chane mpya chini ya ile iliyokwisha, mahali ambapo jicho halitaona kiungo.

Hatimaye Zulekha anamwita Yusuf ndani. Hapa ndipo nilipomvulia Gurnah kofia. Hakutuletea yule mrembo ambaye wageni wake walijikata mikono kwa visu. Katuletea mwanamke mgonjwa, mwenye alama usoni, anayeamini mkono wa kijana huyu utamponya. Vile vioo vya bustanini, vilivyowekwa mapema sana, ndivyo alivyokuwa akimtazamia. Nilimsoma kwa huruma, jambo ambalo sikulitarajia.

Yusuf anageuka aondoke. Anashikwa. Shati linachanika.

Vidole vya Bibi vilisimama. “Mbele au nyuma?”

“Nyuma, Bibi, kama katika sura.”

Vikaendelea.

Wasimulizi wengi humrudishia Zulekha ujana wake na kumwoza Yusuf. Gurnah mapenzi kayahamishia kwa Amina, mke mdogo wa Aziz, aliyeingia nyumba ile kwa deni vilevile. Na mwisho hakuna ghala la nafaka wala kiti cha enzi. Wanapita askari wa Wajerumani, na Yusuf anawakimbilia. Vita vinavyokuja ndivyo vilivyofika hapa Mafia, Waingereza walipokiteka kisiwa Januari 1915.

Nilifunga kitabu. Bibi aliupima ukili kwa mkono, akauviringa.

“Na Amina?”

“Kabaki ndani.”

Alikaa kimya kidogo. “Kesho, mjukuu wangu, anzia pale pa vioo. Nataka kuona alivyovificha.”