Ngozi yavaa kutu ya Luano

Jamani, rangi hii! Damu ya mzee iliyokolea, imetulia juu ya ngozi ya ng'ombe, na juzi tu ilikuwa vumbi la chuma chini ya mashine ya wachomeleaji ya kukatia vyuma, hapa hapa Luano, Lubumbashi. Vumbi la kufagiliwa mtaroni!

Fundi viatu aliyeitengeneza hana maabara. Aliliroweka vumbi katika maji ya chumvi likaliwa lote na kutu, akaliosha mpaka chumvi ikaisha, akalianika. Lilitoka kahawia ya manjano, si kitu cha kukusimamisha njiani. Kisha akaliweka kwenye karai juu ya makaa. "Papa, angalia sasa!" Likageuka jekundu! Moto hufukuza maji yaliyofungwa ndani ya kutu, ikabaki oksidi nyekundu. Ukizidisha moto, inaelekea zambarau. Karai moja, rangi tatu!

Akaisaga laini mno, akaichanganya na gundi ya maziwa yaliyokatwa kwa siki na kuyeyushwa kwa amonia. Mipako miwili, myembamba. Ikikauka, inasuguliwa kwa chupa kwa nguvu zote, na hapo ndipo mng'aro unapopanda. Na inafunika! Makovu ya kupe, mikwaruzo ya miiba, vyote vimezama. Jua la Septemba haliiwezi, maana oksidi ya chuma haipauki.

Msidhani ni mchezo wa uani. Ujerumani, mwaka 1925, mkemia Julius Laux wa kule Uerdingen aligeuza matope ya chuma yaliyobaki katika utengenezaji wa anilini kuwa rangi ya kuuza, na njia yake ingali inatumika.

Kasoro ipo: nilipitisha kitambaa cheupe chenye maji, kikatoka chekundu. Gundi ya maziwa peke yake haistahimili masika ya Lubumbashi. Fomalini huikaza, lakini mvuke wake unachoma macho na koo. Mimi ningepaka akriliki juu, basi.

Na ule mlima mweusi wa terili, yaani mabaki ya kuyeyusha madini, kando ya shimini ya kampuni ya Gécamines, si ungetupa rangi ya miaka mia? Hapana, ndugu zangu. Mabaki yale yana kobalti, nayo huwasha watu ngozi. Mguu utokao jasho ndani ya kiatu si mahali pake. Tubaki na vumbi la wachomeleaji. Mkanda wangu nimeshauagiza, ule wa karibu zambarau.