Hell's Gate: safari iliyopangwa kwa kufuata maji

Wengi wakipanga kwenda kulala porini huanza na hema. Sisi tulikuwa watu 6, tukienda kupiga kambi usiku mbili Hell's Gate, karibu na Naivasha, na tulianza na maji. Naamini hakuna uamuzi mwingine uliotufaa kama huo.

Hifadhi hii ya kilomita za mraba 68 hivi ilitangazwa mwaka 1984, nayo ni miongoni mwa chache nchini Kenya ambamo mgeni anaruhusiwa kwenda kwa miguu au kwa baiskeli katikati ya pundamilia, twiga na kongoni. Ndani yake limo korongo la Ol Njorowa. Lilichimbwa na maji yaliyotoka Ziwa Naivasha zamani za kale, ziwa lilipokuwa kubwa kuliko lilivyo leo. Ziwa likashuka, mkondo ukakauka, korongo likabaki. Ila bado ni mfereji. Mvua ikinyesha kwenye miteremko ya jirani, ambayo udongo wake ni majivu ya volkano yaliyolegea, maji huteremkia humo kwa kishindo, hata kama hapo uliposimama jua linawaka. Kuna mahali kuta zimekaribiana kiasi kwamba watu wawili hawapishani. Ukikutwa hapo, huna pa kukimbilia.

Aprili 2012 mafuriko ya ghafla yaliwaua vijana 7 waliokuwa katika matembezi ya kanisa. Septemba 2019 watu wengine 7 walifia humo humo. Tarehe hizo mbili zilinikosesha usingizi. Aprili ni masika, inaeleweka. Lakini Septemba? Vuli kwa kawaida haijaanza. Basi kalenda peke yake haimlindi mtu.

Tulichagua Februari kwa kuwa ni kiangazi, kisha tukaongeza masharti mawili. La kwanza lilikuwa saa: kushuka korongoni saa moja na nusu asubuhi na kuwa nje kabla ya saa tano, kwa sababu mvua za Bonde la Ufa hupenda kunyesha alasiri. La pili, neno la mwisho liwe la kiongozi mwenyeji. Akisema turudi, hatupigi kura.

Kambi nayo tuliitafuta kwa jicho hilo hilo. Naiburta na Ol Dubai ziko juu, kila moja upande wake wa bonde, mbali na njia ya maji. Tulichagua Naiburta.

Yakabaki maji ya kunywa. Tulipiga hesabu kana kwamba bomba la kambini halipo: lita 4 za kunywa na lita 3 za kupikia na kuoshea kwa kila mtu kwa siku. Watu 6 kwa siku mbili ni lita 84. Tukapakia mitungi minne ya lita 20 na chupa za ziada. Kuna aliyeona tumezidisha. Siku ya pili jioni, baada ya kupanda na kushuka na baiskeli kwenye vumbi, tulikuwa tumebakiza mtungi mmoja tu.

Mavazi hayakutusumbua sana. Mradi ukumbuke kuwa Naivasha iko juu, na usiku baridi inaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Tulipokosea ni kwenye chakula. Tulifunga mkate na ndizi ndani ya hema badala ya kuvifungia garini, na nyani wakalichana hema tukiwa matembezini. Kwa upande wa nyati tulijipanga vizuri zaidi: hakuna kutoka peke yako baada ya magharibi, na tochi huwashwa kabla ya zipu kufunguliwa.

Asubuhi ya kwanza korongo tulilipita lote, mpaka kwenye chemchemi za maji moto. Ya pili tulichelewa kuamka, tukafika ukingoni karibu saa nne. Kiongozi alitazama upande wa Mlima Longonot, ambako wingu jeusi lilikuwa limeanza kujikunja, akatikisa kichwa. Wenzetu wawili walisikitika sana, kwani ndiyo siku waliyopanga kupiga picha. Tuligeuza baiskeli. Mvua haikunyesha siku ile, na korongo lilibaki kavu hadi jioni. Hata leo ningegeuza tena.