Ndevu za Matisyahu, Jina la Mnyalu

Mwezi wa Disemba 2011 Matisyahu, Myahudi wa Marekani mwenye kuchanganya rege na hip-hop, alinyoa ndevu. Tangu albamu yake ya kwanza ya mwaka 2004 alizoea kupanda jukwaani kwa kofia nyeusi na ndevu ndefu za Wayahudi washika dini, na wengi, nadhani, waliyapenda mavazi kabla ya kuyasikia maneno. Siku ile wakaulizana: je, Uyahudi wake umekwenda na ndevu? Swali hilo lawaumbua waulizaji kuliko muulizwa. Beastie Boys, vijana watatu wa New York wenye asili ya Kiyahudi, walitamba kwa albamu yao ya 1986 pasi na kuitanguliza asili hiyo, na hapana aliyewadai ndevu.

Nayaleta haya kwa ajili ya Nyanda za Juu Kusini. Mike Tee alijiita Mnyalu, jina la utani la watu wa Iringa. Tamko zuri! Dar es Salaam, mji unaowafanyia Wahehe mizaha isiyokwisha, yeye aliichukua kejeli akaivaa kama kilemba. Tatizo ni waigaji. Afunguaye ubeti kwa “kamwene”, kisha akaendelea kutuhesabia magari asiyo nayo, ametupa salamu tu, Iringa hakutupa. Hata Mkwawa, ambaye fuvu lake lilirudishwa Kalenga mwaka 1954, ni jina jepesi kulitaja na zito kulibeba.

X Plastaz wa Arusha walilielewa jambo hili. Katika albamu yao ya 2004 uimbaji wa Kimaasai wa Merege haukupachikwa kama shanga juu ya shati: ndio unaoushika mdundo, na ukiutoa wimbo huporomoka. Huo ndio mzani wangu.

Mbeya yanipa mfano mgumu zaidi. Joseph Mbilinyi, yaani Sugu, Mr. II wa zamani, alichaguliwa kuwa mbunge wa Mbeya Mjini mwaka 2010 na tena 2015, wala wapiga kura hawakumdai awaimbie kwa Kinyakyusa. Februari 2018 mahakama ya mji huo huo ilimfunga miezi mitano kwa maneno ya jukwaani. Hapo hapana vazi la kunyoa. Umbeya wake u katika nani anamsemea na kwa gharama gani, na Kiswahili kilimtosha.

Basi sisi wa visiwani, tuliozoea kukipima Kiswahili cha bara kwa vina na mizani na kukiona cha kuazima, tusiwadai vijana hawa lugha za babu zao ili tuwaamini. Tuwadai baridi ya Juni mjini Mbeya, malori yanayopanda Kitonga usiku, mbao za Mafinga, foleni ya Tunduma. Mashairi ya namna hiyo nimeyasikia machache mno, nami bado nayangoja.