Mwanya, Kiraka na Sasisho: Rai juu ya Istilahi za Usalama wa Kompyuta

Miongoni mwa istilahi za kompyuta zilizoenea upesi ni neno "sasisho" na kitenzi chake "kusasisha". Neno lenyewe hatuna ugomvi nalo. Limetokana na "sasa", linafuata kanuni za uundaji wa maneno, na watumiaji wamelipokea. Tunachokipinga ni kulibebesha mambo mawili yasiyolingana: kuiongezea mashine jambo jipya, na kuziba mahali ambapo mwizi anaweza kupenya.

Tofauti hiyo si ya wataalamu peke yao. Kila simu janja inayouzwa katika maduka ya Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, ina mfumo endeshi, na ndani ya mfumo huo mna kiini. Kiini ndicho kinachogawa kumbukumbu na kuamua programu ipi iruhusiwe kugusa nini. Simu za Android hutumia kiini cha Linux, kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Aliyekiteka kiini ameiteka simu nzima; na tangu huduma ya M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, simu imezidi kuwa mkoba wa fedha wa mfanyabiashara. Mwenye simu ndiye aamuaye kukubali au kuahirisha marekebisho yanayoletwa. Huamua kwa kulisoma neno lililo kwenye kioo. Akisoma "sasisho", hudhani anaongezewa mapambo. Naye, akihofia gharama ya bando, huahirisha.

Tuanze na jina la kasoro yenyewe. Baadhi ya waandishi huiita "hitilafu". Twaona neno hilo halifai hapa, kwa kuwa hitilafu hujulikana kwa mashine kukwama au kwenda kombo. Kasoro ya usalama haina dalili hiyo. Mwezi Oktoba 2016 ilitangazwa kasoro ya kiini cha Linux iliyopewa jina la Dirty COW. Ilimwezesha mtumiaji wa kawaida kuandika mahali aliporuhusiwa kusoma tu, na kwa njia hiyo kujitwalia mamlaka yote ya mashine. Kasoro hiyo ilikuwamo tangu mwaka 2007, na kwa miaka yote hiyo mashine zilifanya kazi kama kawaida. Mwenye simu akiambiwa simu yake ina hitilafu, ataibonyeza, ataiona inaitika, naye hataamini.

Neno linalofaa ni "mwanya". Mwanya ni nafasi ya kupita, wala hauzuii ukuta kusimama. Tena neno hili linakuja na jamaa zake. Magazeti yetu yamezoea kusema kwamba mtu "ametumia mwanya", na viongozi husema kila siku juu ya "kuziba mianya" ya rushwa na ya upotevu wa mapato. Kwa hiyo tunapata kwa pamoja jina la kasoro, jina la tendo la mhalifu na jina la tendo la mlinzi, bila kuunda neno hata moja. Istilahi inayokuja na ukoo wake ni bora kuliko ile inayokuja peke yake.

Kinachoziba mwanya ni "kiraka". Wapo wanaolikataa neno hili kwa hoja kwamba lanuka ufukara, kwani nguo yenye viraka ni nguo ya asiye na nyingine. Hoja hiyo haina nguvu. Zamani, programu zilipotobolewa kwenye utepe wa karatasi, tundu lililokosewa lilizibwa kwa kipande cha karatasi kilichogandishwa juu yake. Kiraka cha kompyuta kilikuwa kiraka kwelikweli. Na hapa kwetu, mashabiki wa Simba na Yanga humwita "kiraka" mchezaji awezaye kuziba nafasi yoyote uwanjani, nao humsifu kwa jina hilo. Fundi cherehani naye anajua kwamba kiraka kisicholingana na kitambaa huchanika. Ndivyo ilivyokuwa kwa Dirty COW: Torvalds mwenyewe alijaribu kuuziba mwanya wa namna hiyo mwaka 2005, lakini kiraka kikaondolewa kwa kuwa kilileta matatizo katika aina moja ya mashine. "Sasisho" lisingeweza kutusimulia habari hiyo.

Hasara ya kuahirisha inajulikana. Tarehe 14 Machi 2017 kampuni ya Microsoft ilitoa kiraka cha mwanya uliokuwa katika sehemu ya Windows inayofanya kazi ndani ya kiini. Tarehe 12 Mei, siku 59 baadaye, programu haribifu ya WannaCry iliutumia mwanya huohuo katika nchi zaidi ya 150. Waathirika wengi walikuwa wale ambao hawakukipachika kiraka kilichokwisha kutolewa. Wahenga walilisema mapema: usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kuhusu "kiini", wapo wanaopendelea "keneli" kwa kuwa kiini kimekwisha kutumika katika atomu na seli. Sisi twaona muktadha hutosha kutenganisha maana hizo. Zaidi ya hayo, kiini kinatupa jozi yake, "ganda", kwa ile sehemu ya mfumo ambayo kupitia kwake mtumiaji hutoa amri. Mafundi wa Kariakoo wana mkopo wao, "kuflashi", yaani kufuta mfumo wote na kuuweka upya. Hilo lisichanganywe na kupachika kiraka, na lina haki ya kubaki. Kariakoo yenyewe ni jina la mkopo, kutokana na kikosi cha wapagazi cha Vita Kuu ya Kwanza, wala hakuna anayelionea shaka.

Tangu mwaka 2021 Kiswahili ni lugha ya sheria za Tanzania. Siku mahakama itakapoulizwa ni nani aliyezembea, aliyeacha mwanya au aliyekataa kiraka, neno "sasisho" pekee halitamsaidia hakimu. Kwa hiyo tunatoa rai kwamba "sasisho" libaki kwa jambo jipya; "mwanya" liwe la kasoro ya usalama; na "kiraka" liwe la kuuziba, nalo liandikwe hivyo kwenye kioo cha simu, mahali mwenye mali atakapoliona.