Mshumaa wa Albemarle Street

Mhadhiri wa siku hizi akipanda jukwaani, kwanza hutafuta waya. Projekta ikishawaka anaigeukia, anaipa hadhira kisogo, kisha anawasomea watu wazima maneno ambayo kila mmoja anayaona. Picha za sayari hupendeza, hilo halikataliwi. Ila hakuna aliyeshika kitu mkononi.

Michael Faraday alishika mshumaa.

Ilikuwa Krismasi ya 1860, katika ukumbi wa Royal Institution, mtaa wa Albemarle, London. Mzee wa miaka 69, aliyegundua mwaka 1831 jinsi sumaku inavyozaa umeme, alisimama mbele ya watoto na kuwapa mihadhara sita juu ya kitu walichokuwa nacho nyumbani.

Aliuzima mshumaa taratibu, asiitikise hewa. Uzi wa moshi ukapanda. Akasogeza moto, si kwenye utambi bali juu yake, inchi mbili tatu, ndani ya uzi ule ule; mwali ukashuka hewani mbio na utambi ukawaka tena bila kuguswa. Aliyelelewa na koroboi ameuona moshi huo mara nyingi na kuulaani kwa harufu yake, asijue kwamba ni mafuta yaliyogeuka mvuke, chakula cha moto kilichokosa mlaji. Watoto wa Faraday waliondoka wakijua kwamba kinachoungua si utambi peke yake. Hapakuhitajika mchoro.

Ustadi huo hakuzaliwa nao. Baba yake alikuwa mhunzi, naye akawa mwanagenzi wa kujalidi vitabu. Mwaka 1812 alisikiliza mihadhara minne ya mwanakemia Humphry Davy katika taasisi hiyo hiyo, akaiandika, akaijalidi kwa mkono wake na kumpelekea Davy. Mwaka uliofuata akaajiriwa kuwa msaidizi wa maabara. Hata kabla hajawa mhadhiri alikwisha kumwandikia rafiki yake kwamba saa moja yatosha kwa mhadhara wowote. Baadaye alimlipa mwalimu wa kuzungumza, na alipokuwa jukwaani aliwekewa kadi ya kumkumbusha aende polepole. Nani leo angekubali kadi hiyo?

Mihadhara ya Krismasi ya taasisi hiyo ingalipo. Hata mwanaastronomia Carl Sagan aliitoa mwaka 1977, akizungumzia sayari. Ile ya mshumaa mwanakemia William Crookes aliihariri ikawa kitabu mwaka 1861, na maneno yamesalimika. Mikono haikusalimika.

Miongoni mwa mishumaa aliyoonyesha Faraday ulikuwamo mmoja uliotolewa katika merikebu Royal George, iliyozama mwaka 1782. Ulikuwa umelala katika maji ya chumvi miaka 57, umepasuka na kumeguka. Kitabu kinasema ulipowashwa uliwaka vizuri. Hakisemi ukumbi ulinyamaza kwa muda gani.